Mwaka wa Makopo Yaliyonona

Siku tuliyosoma arobaini ya mama mkwe wangu Bi Hadija, mke wa mwanangu aliteremka kutoka Dar es Salaam na katoni mbili za makopo. Alisikia wageni watakuwa wengi pale Kibiti, akaona atupunguzie kazi ya jikoni. Maharage, dengu, nyanya, mahindi, yote ya kilimo hai, kila kopo limevaa karatasi nyeupe yenye jani la kijani na maneno marefu ya kujisifu. Wasichana waliyapanga juu ya mkeka uani, na mmoja alikwisha shika kisu atoboe la kwanza. Wifi yangu Somoe, dada wa mume wangu, aliyekuja na watu wake kutoka Utete, alikuwa pembeni anachagua mchele. Hakuinua hata uso. "Weka kisu chini, mwanangu," alimwambia yule msichana. "Nyumba hii kopo halifunguliwi mpaka Mwanahamisi alipitie." Wasichana wakacheka, wakidhani ni utani wa mawifi. Mwanahamisi ni mimi, nami sikucheka. Nilivuta kigoda, nikayapitia yote, moja moja, nikatenga mawili: moja lilikuwa limebonyea kwenye mshono wa juu, jingine tarehe yake ilibandikwa juu ya tarehe nyingine. Mke wa mwanangu aliona haya, akasema, "Lakini ni ya kilimo hai, Mama, hayana dawa yoyote." Nikamwambia jani la kijani kwenye karatasi halilizuii kopo kuoza. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa anakuna nazi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Marehemu alimfunza huyu," akasema. "Bi Hadija alijua kufunza." Wenzake wakaitikia kwamba ndivyo.

Nilinyamaza kwa heshima ya siku. Siku sasa imepita na mimi nimekaa na hasira yangu, tena hasira nzuri tu, ya mtu aliyedhulumiwa kitu kidogo alichokipata kwa shida. Marehemu hasemwi kwa mabaya, nakubali. Lakini sijasikia popote kwamba asingiziwe mazuri ambayo mwenyewe angeyakataa. Bi Hadija angekuwa hai angekuwa wa kwanza kumkatiza yule bibi. Angemwambia hakunifunza makopo hata siku moja, kwamba nilikuja na ubishi wangu kutoka Delta nikamfanyia nyumbani kwake jambo ambalo mkamwana hamfanyii mama wa mumewe. Na angesema kweli. Basi nitaueleza mwaka ule kama ulivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina miezi michache ya ndoa, na kwa sababu ya makopo ilibaki kidogo tu nirudishwe kwetu.

Nyumba ya Bi Hadija ilikuwa na vyumba vitano, lakini chumba kilichohesabika kuwa nyumba ni stoo. Ilikuwa kati ya jiko na chumba chake cha kulala, haina dirisha, ina matundu mawili ya hewa juu kabisa, na ukiingia unapokewa na harufu ya mchele mpya, mafuta ya taa na magunia. Chini kulikuwa na nazi, zimepangwa kwa umri wake. Ukutani kulikuwa na mbao tatu zilizotandikwa magazeti yaliyokatwa pembe kwa mkasi, yaning'inie kama pazia, na juu ya mbao hizo ndipo yalipokaa makopo. Yote yalitazama mlangoni, picha mbele: ng'ombe mwekundu, samaki aliyepinda mkia, nanasi lililokatwa vipande. Mgeni wa heshima alipokuja, baada ya kusalimiana na kuulizana habari za wagonjwa, Bi Hadija alikuwa akisema, "Njoo kwanza uone stoo." Mgeni anasimama mlangoni, anatazama, anasema mashallah, kisha anarudi sebuleni kunywa chai kavu. Makopo yalikuwa hayafunguliwi hovyo. Yalikuwa ya kuonwa.

Simlaumu kwa hilo, na wanangu wanaponicheka mimi na rafu zangu za makopo huwakumbusha. Ile ilikuwa miaka tuliyoiita ya ruksa. Kabla yake duka lilikuwa na chumvi, viberiti na mtu wa kukuambia hakuna. Bi Hadija alikuwa amepanga foleni ya sukari akiwa na mtoto mgongoni, akaambiwa imekwisha, akarudi na karai tupu kichwani mbele ya watu waliomjua kuwa mke wa mfanyabiashara. Mtu wa namna hiyo ruksa ilipokuja, malori yakaanza kushusha sabuni zenye harufu na khanga na vyakula vya kopo, hakununua kula. Alinunua kulipiza kisasi. Hilo nalielewa vizuri kuliko waliokuwa wakimsengenya. Ambalo sikulielewa, na sikulikubali, ni jinsi alivyokuwa akichagua.

Alichagua kopo kama alivyochagua nazi. Watu wa Kibiti ni watu wa nazi, na yeye alikuwa bingwa wao. Alikuwa anainua nazi, anaipima uzito, anaitikisa karibu na sikio huku amefumba jicho moja, na kabla haijapasuliwa anakuambia ina nyama nene kiasi gani. Hakukosea. Nazi inayosema ndani ina maji, ina uhai. Nazi iliyonyamaza usiipeleke kwenye mbuzi kuikuna. Basi aliingia dukani karibu na stendi, akayashika makopo moja moja, akayatikisa sikioni, na lililopiga kelele chubwi chubwi ndilo alilolitia kikapuni. Lililonyamaza alilirudisha. Na kama kopo lilikuwa limeinuka vifuniko, juu na chini, lina kitambi, ndiyo kabisa. Alilipapasa akasema, "Hili limenona." Mwenye duka alikwisha mjua. Alikuwa akiyatenga yaliyonona chini ya meza na kumwambia, "Haya nimekuwekea wewe, Bi Hadija, wengine hawajui kuchagua." Mpaka leo sijui kama yule bwana alikuwa mjinga kama yeye au mjanja kumpita. Malori yale yalikuwa yanakwama njiani masika yote, makopo yanaiva juani na kulala matopeni, na yaliyoharibika ilibidi yapate mtu wa kuyapenda.

Mimi nilitoka katika watu wa samaki. Kwetu Delta, kwenye mikoko, nyumba zinanuka moshi wa kukaushia tangu mtoto hajazaliwa, na jambo la kwanza mtoto wa kike analofundishwa kabla ya kupika chapati ni tumbo la samaki. Unamlaza, unambonyeza kwa kidole gumba. Tumbo likizama na kurudi taratibu, mchukue. Likiwa gumu, limevimba, linakusukuma kidole, mtupe, hata kama macho yake bado yanang'aa na hata kama ni wa mwisho chanjani juu ya moshi. Kilichokufa hakinenepi. Mama yangu alikuwa akilisema hilo bila kufikiri, kama mtu anayesema bismillahi. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipotumwa stoo kufuta vumbi, nikashika kopo la nyama nikaona kifuniko chake kinanisukuma kidole, niliuvuta mkono. Nikashika la pili. Nikashika la tatu. Nikatoka nikamwambia, kwa adabu zote, "Mama, haya makopo yamevimba. Nahisi yameharibika."

Alinitazama nguo kwanza, kisha uso. "Nyie wa kwenu kopo mlilionea wapi?" aliuliza.

"Hatukuliona, Mama. Lakini kitu kikivimba..."

"Kimejaa," akanimalizia. "Kikivimba kimejaa. Nenda kanichotee maji."

Jioni ile nikiwa jikoni nilimsikia akizungumza na jirani ng'ambo ya ukuta wa makuti. Alikuwa anacheka. Alisema, "Kaniletea Salumu mke kutoka matopeni, kazoea vitu vya moshi, kopo linamtia woga." Jirani akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, ampe muda. "Muda nampa," Bi Hadija akajibu, "lakini akiniharibia shughuli ya Somoe, anarudi kwao na mkeka wake." Nilikuwa nakoroga uji, nikaendelea kukoroga. Nilijua kwamba hakuwa anatania, kwa sababu kicheko kilikuwa kimekwisha kabla hajafika kwenye sentensi hiyo.

Shughuli ya Somoe ilikuwa ndilo jambo la mwaka. Watu wa Utete, familia ya karani mmoja wa serikali, walikuwa wameleta posa, na sasa wangekuja rasmi kumalizia maneno ya mahari, wazee na wanawake wao, watu kumi na wanne. Bi Hadija aliamua wasile kuku kama kwa watu wengine. Watakula kopo. Na si kopo lililofunguliwa jikoni na kupakuliwa, maana nyama ikishaingia sahani mtu atajuaje imetoka wapi? Kopo lingeletwa zima kwenye sinia, pamoja na kisu, na kufunguliwa palepale mkekani mbele ya wageni, ili waone picha, waone linatobolewa, wasikie. Alikuwa ameshatenga makopo kumi na mawili. Nane kati yake yalikuwa yamenona, na katika hayo mawili yalikuwa yameanza kulia machozi ya kutu kwenye mshono.

Wiki chache kabla ya siku hiyo alilifungua moja la samaki, kama la kujaribia, tukala kwa wali. Nasema tukala, lakini mimi sikula. Kisu kilipoingia, kopo lilipuliza, likamtemea mchuzi mkononi, na ikatoka harufu niliyoijua. "Ndivyo vinavyonuka vitu vya Ulaya," Bi Hadija akasema, akakamulia ndimu nyingi na kuongeza pilipili. Nilisukuma sahani yangu mbele nikasema sitaki. Mume wangu Salumu alinikanyaga mguu chini ya khanga. Salumu alikuwa mtu mwema, Mungu amjalie maisha marefu, bado yupo na bado mwema, lakini mbele ya mama yake alikuwa bendera, na upepo ulikuwa wa mama yake. Alikula. Wengine walionja tu, lakini yeye kwa siku mbili hakutoka chooni, amejikunja, midomo imekauka, nami nampa maji ya mchele na chumvi kidogo kidogo. Na unajua lawama ilimwangukia nani? Kamba wangu wakavu, niliowatia kwenye mchicha siku moja kabla, niliotumiwa na mama yangu. Bi Hadija aliwachukua na kikapu chao akawaweka nje kwa kidole kimoja. "Vitu vya matope," alisema. Nililia siku hiyo, sikatai. Nililia kwa sababu ya kamba wale, walikuwa wazuri, wekundu, safi, na nilikuwa nimewahesabu watanifikisha mwezi mwandamo. Nikawarudisha ndani kwa mlango wa nyuma.

Sasa nikitazama nyuma naona kwamba siku ile ndiyo iliyoamua kila kitu. Mpaka pale nilikuwa nabishana juu ya chakula. Baada ya pale nilikuwa najua kuwa watu kumi na wanne watakaa mkekani, wazee na wenye mimba na watoto watakaofuatana na mama zao, wale kilichomlaza Salumu, na kwamba mtu pekee kati ya nyumba ile na jambo hilo ni mimi. Nilimwambia Salumu. Akasema, "Mvumilie Mama, ni siku moja." Nilimwambia Somoe, mwenye shughuli. Alikuwa na miaka kumi na saba, anapakwa liwa ya kumng'arisha ngozi asubuhi na jioni, na alichoogopa duniani ni kitu kimoja, wakwe zake kurudi Utete wakisema kwao hakuna kitu. "Wifi, nakuomba," alisema, "usinivunjie." Nikamwambia sitamvunjia. Sikumdanganya, ila hatukuwa tunazungumza kitu kimoja.

Siku yenyewe asubuhi Bi Hadija alinikabidhi stoo, akaniambia nipange makopo kwenye masinia matatu na nifute vumbi, kisha akaenda kuoga na kujifukiza udi. Wanawake wengine walikuwa mbele wanatandika. Niliyabeba makopo manane katika karai, nikapita nyuma ya jiko mpaka kwenye shimo la majivu. Nilikuwa na mtarimbo wa kufulia nazi na jembe. Nililichimba lile shimo likafika magotini. Kisha nikayatoboa yote manane, moja baada ya jingine, kwa makusudi, ili hata akinilazimisha kuyafukua yasiwe na faida kwa mtu. Yalipuliza. Moja liliruka likanigonga goti, nina alama. Ile harufu ilinifanya nitapike mara mbili, nikafuta mdomo nikaendelea. Nikamwaga majivu juu, nikafukia, nikakanyaga. Sikuwa natetemeka. Watu husimulia ushujaa wao kwa kusema walitetemeka lakini wakafanya. Mimi nilikuwa nimekasirika tu, na hasira ilikuwa imenishika vizuri.

Yaliyobaki manne yalikuwa mazuri, yale aliyoyanunua kwa bahati mbaya siku mwenye duka hakuwa na yaliyonona. Vifuniko vimelala bapa, mshono mzima, hayana kutu, na ukiyatikisa yamenyamaza, maana nyama nzuri ya kopo imejaa na kukaa mahali pake, haina nafasi ya kuzungumza. Inayopiga kelele imeshakuwa maji. Hilo sikufundishwa na mtu, nililipata palepale nimechuchumaa na karai langu. Nikayapanga manne kwenye sinia moja. Nikapika wali wa mchele wa Mkongo, nikachukua nazi sita alizozichagua yeye Bi Hadija mwenyewe, wala sikuzitilia shaka hata moja, nikaunga kamba wangu wakavu kwa tui zito na ukwaju. Wageni walikuwa wamekwisha fika, sauti za wanaume zinasikika sebuleni, Bi Hadija alipoingia jikoni amevaa khanga mpya.

"Masinia mawili mengine yako wapi?"

"Hakuna mengine, Mama. Makopo manane nimeyafukia."

Hakupaza sauti. Angepaza wageni wangesikia, na alikuwa mwanamke aliyeweza kuipokea aibu kubwa zaidi bila kikombe kugonga kisosi. Alisogea karibu mpaka nikasikia udi kwenye nguo zake. "Umeyafukia," alisema.

"Nimeyatoboa kwanza. Yalikuwa yameoza, Mama. Nisingewapa watu."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema polepole, kama anayenisomea. "Ukishaosha vyombo, funga mizigo yako. Salumu atakupeleka kwenu kesho."

"Nitafunga," nikasema. "Lakini hawatayala."

Kwa wale wanaotaka nieleze hapa kwamba wageni walifurahia kamba wangu wakajilamba vidole, nawasikitikia. Walikula, walishiba, walikuwa na adabu. Makopo manne yalifunguliwa mbele yao kama ilivyopangwa, yakaenda kwa wazee, wanawake hawakupata. Mama mmoja wa Utete nilimsikia akimnong'oneza mwenzake, "Tuliambiwa kuna makopo chungu nzima. Kumbe ndiyo haya?" Somoe naye alisikia kutoka chumbani, akalia mpaka wanja ukamshuka. Mahari ilikubaliwa, fatiha ikasomwa, wageni wakaondoka baada ya alasiri kuwahi kivuko. Hakuna aliyeumwa. Na hilo ndilo lililokuwa tatizo langu lote. Kwa kuwa hakuna aliyeumwa, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuniamini. Anayezuia msiba hana maiti ya kuonyesha. Nimeishi na jambo hilo muda mrefu, na kila nikimwona mama kijana anarudisha kopo dukani huku mwenye duka anambeza, moyo wangu huwa upande wake.

Nilifunga mizigo kweli. Mkeka wangu, sanduku moja, kikapu cha kamba kilichobaki robo. Nikaviweka uani, nikakaa juu ya sanduku. Jua lilikuwa bado lipo. Salumu alisimama kati ya mlango wa mama yake na mimi, anafungua mdomo na kuufunga. Bi Hadija akatoka chumbani kwake amebeba kitu ndani ya khanga. Akakifunua: kopo kubwa la nyama, la kumi na tatu, alilolificha kwenye sanduku lake kwa ajili ya siku ya ndoa yenyewe. Sikujua kama lipo. Lilikuwa limenona kuliko yote, vifuniko vimesimama kama kichuguu, karatasi yake imepasuka kwa kutanuka.

"Hili hukulifukia," alisema. "Nitalila mbele yako. Mbele ya mume wako na wifi yako. Nikishamaliza ndipo uondoke, ukawaambie kwenu kwamba ulimwona mama mkwe wako anakula uozo na hakufa."

Aliketi kwenye kigoda. Akaweka kopo kati ya miguu yake, akaweka ncha ya kisu, akapiga kwa jiwe. Kopo lililia kwa sauti ambayo nguruwe mwitu angeikimbia. Mchuzi mweusi ulimrukia khanga mpya, kifuani na shingoni. Harufu ile ikajaa ua wote. Salumu aliziba pua, Somoe akarudi nyuma mpaka ukutani. Nilidhani imekwisha hapo. Mtu yeyote angelisukuma kopo lile mbali akasema astaghafirullah, na mimi ningesamehe hapohapo. Nilimtazama usoni na nikaona kwamba amejua. Alijua kabisa. Pua yake ilikuwa nzima kama yangu, na macho yalikuwa yanamtoka machozi kwa ukali wa uvundo. Lakini alikuwa amesema mbele ya watu kwamba atakula, na alikuwa Bi Hadija. Alikata kipande kwa vidole viwili. Akasema bismillahi. Akakipeleka mdomoni.

Nilimpiga mkono. Sikuushika, sikuusukuma. Niliupiga kwa kiganja changu chote, kwa nguvu, sauti ikasikika, kipande kikaruka mpaka kwenye majani ya mchicha. Salumu akaita jina langu. Katika nyumba zetu mkamwana hamtazami mama mkwe machoni akimpa maji, hamtaji jina, akipita anampisha njia. Mimi nilimpiga. Hata jirani ng'ambo ya makuti alikuwa ameacha kutwanga.

Bi Hadija aliutazama mkono wake. Ulikuwa unabadilika rangi. Kisha akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza bila kutazama kwanza nguo zangu.

"Umenipiga," alisema.

"Nimekupiga, Mama."

"Kwa ajili ya kipande cha nyama."

"Kwa ajili yako," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia, kwa sauti, kama mtoto, maana nilikuwa nimemchukia mwanamke yule miezi yote ile na mkono ulipokuwa unapanda mdomoni niligundua kwamba sitaki afe.

Bi Hadija aliweka kisu chini. Kisha akasema, "Somoe, niletee maji ninawe." Akanawa mpaka kwenye viwiko. Akamwambia Salumu akalifukie kopo pamoja na mengine na achimbe zaidi, kwa sababu mashimo ya wanawake hayana kina. Mimi hakuniambia kitu. Hakuniambia nibaki, hakuniambia niondoke. Aliingia ndani kubadili khanga, na alipotoka aliuliza kama kuna wali uliobaki, kisha akala wali na mchuzi wa kamba, peke yake, ukingo kwa ukingo, mpaka sahani ikang'aa. Asubuhi sanduku langu lilikuwa limerudi chumbani. Salumu anaapa hakulibeba yeye.

Baada ya hapo aliendelea kununua makopo. Hakuacha, msidhani aliacha. Alikwenda dukani na mimi nyuma yake nimebeba kikapu, akalishika kopo, akalitikisa sikioni kama kawaida, kisha akalipitisha nyuma ya mgongo wake bila kugeuka. Nami nikalibonyeza juu na chini kwa kidole gumba, nikapitisha ukucha kwenye mshono, nikatafuta kutu chini ya karatasi. Nikisema hapana, analipokea, analirudisha mezani, anamwambia mwenye duka, "Hapana," kwa sauti ya mtu aliyeliona mwenyewe. Tulifanya hivyo miaka na miaka, mpaka yule bwana akaacha kututengea yaliyonona.

Lakini kwamba nilikuwa sahihi, hilo hakulisema mpaka anaingia kaburini. Wala mimi sikumwomba radhi, na aliisubiri. Alinikumbushia kila mgeni aliponiita mkwe mwema na kila Idi tulipokaa pamoja. Hata hospitali mwezi wake wa mwisho, nilipokuwa namlisha uji na yeye anaung'ang'ania ule mkono wangu, alimwambia muuguzi, huku akinikodolea macho, "Huyu alinipiga." Muuguzi alinitazama akitegemea nitakana. Nikasema ndiyo, nilimpiga, na ningempiga tena.